Sehemu ya Pili Haina Kosa

Mimi ndiye ninayetia filamu kwenye simu za watu hapa Kikula, mjini Likasi, kwa hiyo mtu asinifundishe sinema. Kibanda changu kiko pembeni ya soko: meza moja, kompyuta moja iliyochoka, na nyaya za kuchajia simu zimetapakaa kila mahali. Asubuhi wachimbaji wanaokwenda Kakanda hupita kwangu kabla ya kupanda gari. Wanaondoka kwa juma zima, na jioni za kule ni ndefu, basi kila mmoja hunyoosha simu yake na kusema, "Mama, unitilie filme." Nikiuliza filamu gani, wanajibu kana kwamba wamekaririshwa na mwalimu mmoja: "Tia Kule Juu. Lakini ya kwanza tu. Ya pili na ya tatu ni bule."

Bule, yaani si kitu! Hapo ndipo damu inaponichemka. "Weye ulisha kuiona hiyo ya pili?" namuuliza. "Hapana, mama, lakini banasema ni bule." "Nani anasema?" "Si bantu!" Basi namtilia zote tatu, apende asipende. Wengine huzifuta kabla hata gari halijaondoka, nawaona kwa macho yangu.

"Kule Juu" ni jina tuliloipa sisi. Jina lake halisi limeandikwa kwa lugha ya wenyewe, na hapa Kikula hakuna aliyewahi kuhangaika kulisoma. Ni hadithi ya watu waliopelekwa na kampuni kuchimba madini kwenye dunia nyingine, mbali sana na jua, halafu kampuni ikawasahau huko huko. Watu wa Likasi hawakuhitaji kufafanuliwa. Kofia ya kazi, taa ya kichwani, king'ora cha zamu, mkubwa anayesema mambo yatakuwa sawa huku amekwisha kufunga masanduku yake: hayo yote tulikuwa nayo nyumbani. Sehemu ya kwanza ina moto, ina milipuko, ina watu wanaokimbia. Sehemu ya pili haina bunduki hata moja. Sehemu ya tatu ni mambo ya harusi. Basi zikaitwa bule, na wazazi wakawarithisha watoto hukumu hiyo bila kuwaonyesha kesi.

Mimi nasema, na nitasema mpaka meno yanitoke: ya pili ni nzuri kuliko ya kwanza, na ya tatu ni nzuri kuliko zote. Na kama mji mzima unazichukia, kosa si la filamu. Kosa ni la baba yangu.

Siku za kazi baba yangu alikuwa fundi umeme kiwandani. Jumapili baada ya misa alikuwa mdomo wa sinema. Vijana wa leo hawajui kitu hicho. Palikuwa na chumba kirefu chenye mabenchi, na mbele televisheni moja juu ya pipa. Filamu zilikuja kwenye kanda, kwa lugha yoyote ile, na pembeni ya televisheni alisimama mtu mwenye kijiti mkononi, akitueleza kwa Kiswahili nani ni nani na anasema nini. Watu walikuwa wakifuata mdomo kuliko picha. Mdomo ukiwa mbaya, hata filamu nzuri ilikufa. Mdomo wa baba ulikuwa mtamu, nasema kweli, na alijua. Alikuwa akivaa koti kwa kazi hiyo.

Kule Juu ya kwanza ilikuja kwa lugha ambayo hakuna mtu chumbani aliyeielewa, na baba naye hakuijua hata neno. Kwake hilo halikuwa tatizo. Aliitazama peke yake mara moja, akakaa akawaza, akaamua nani ni ndugu ya nani, nani mwizi, nani anampenda nani. Akishaamua, imekwisha. Mkubwa wa meli ya angani akawa mjomba mwenye roho mbaya. Mwanaume mmoja mrefu, mpole, mwenye kuendesha mashine ya kutoboa mwamba, akapewa jina la Fundi. Watu walimpenda Fundi tangu dakika ya kwanza.

Karibu na mwisho, gesi inaingia kwenye mgodi. Wenzake wanakimbilia meli. Fundi anarudi ndani peke yake ili afunge bomba, mlango wa chuma unashuka nyuma yake, na kioo chote kinakuwa cheupe. Waliobaki wanapiga kelele kwa ile lugha yao. Meli inaondoka. Filamu haionyeshi maiti, haionyeshi kaburi, haionyeshi kitu. Lakini baba aliinua kijiti chake, akashusha sauti, akasema: "Ba papa na ba mama, Fundi amekufa. Musimame."

Chumba kizima kikasimama. Mama mmoja akaweka mikono kichwani akaanza kulia kilio chenyewe, kile cha msibani, na wamama wengine wakampokea. Wakatoliki wakafanya ishara ya msalaba. Kuanzia siku hiyo ikawa desturi: kila Jumapili filamu ikirudiwa, ikifika pale kwenye weupe, watu wanasimama na kulia. Nilikuja kuelewa baadaye kwamba wengi hawakuwa wanamlilia Fundi. Walikuwa na wafu wao ambao hawakuwamaliza, na pale palikuwa mahali pazuri pa kuwamalizia. Baba aliona fahari kubwa.

Mtu mmoja tu hakusimama, naye ni kaka yangu mkubwa. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwa miguu, baba mbele na koti lake, yeye akamwambia, "Baba, ule Fundi hakukufa. Mulango haukufungwa kabisa. Nilimuona mukono, ilikuwa inazungusha ile gurudumu ya bomba."

"Weye uko na macho ya kuona bintu byenye habiko," baba akasema. "Mu sinema yangu amekufa."

"Na kama anarudia?"

"Mufu harudiake."

Kaka akacheka, baba akamkodolea macho, mimi nikacheka kwa sababu kaka alicheka. Ilikuwa furaha tu ya Jumapili.

Kisha sehemu ya pili ikafika. Aka! Hiyo siku haisahauliki Kikula. Watu walijaa mpaka madirishani. Safari hii kanda ilikuwa imetiwa Kifaransa, maana yake kila aliyekalia benchi la shule angeweza kusikia mwenyewe. Baba hakupata nafasi ya kuitazama kabla, kwa sababu umeme ulikatika siku nzima. Taa zikazimwa, picha ya kwanza ikatokea: jiko kubwa la bandari fulani ya wageni, moshi, na mwanaume mrefu mwenye ndevu anaosha sahani. Ni Fundi, mwenyewe, mzima.

Baba alifungua mdomo, lakini hakikutoka kitu.

Huko nyuma mama mmoja wa chumba cha maombi akaruka juu: "Bulozi! Mufu anaosha masahani!" Benchi likaanguka. Baba akajitahidi kuokoa hali, maskini, akapiga kijiti kwenye pipa na kutangaza, "Bakristu, mutulie! Huyu si Fundi. Ni mapasa yake!" Pacha wake, eti. Wakati huo huo yule mtu wa kwenye filamu akafuta mikono, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa ile kofia ya kazi tuliyoijua sisi sote, na akataja jina lake kwa Kifaransa safi. Wanafunzi wakapasuka kwa kicheko. Kicheko kikawashika wakubwa. Filamu haikufika hata nusu. Kwa muda mrefu sana baba hakuweza kupita sokoni bila mtu kumwita Papa Mapasa, na mimi shuleni nilikuwa mtoto wa Mapasa, nikapigana na watu kwa ajili hiyo.

Aliapa kutoitaja tena ile filamu. Sehemu ya tatu ilipokuja akakataa kuwa mdomo wake, wakamweka mtu mwingine aliyekuwa na kigugumizi cha uoga, na watu wakatoka wakitukana. Hivyo ndivyo filamu mbili nzuri zilivyouawa hapa Likasi. Ziliuawa kwa sababu mtu fulani alikwisha kutangaza msiba wa mtu aliye hai, na watu walikuwa wameulilia msiba huo kwa moyo wote. Nani anapenda kurudishiwa machozi yake?

Mimi niliitazama ya pili nikiwa mtu mzima, kwenye kompyuta yangu, mlango umefungwa. Kumbe Fundi alitoka kwa bomba la chini, meli ya wageni ikamwokota, ikamshusha mbali. Anaosha sahani. Pale bandarini pana chombo cha kupigia simu nyumbani, na kila akimaliza kazi anakiendea, anakishika, anakirudisha. Huko kwao wanaimba nyimbo zake, wamemfanya shujaa. Yeye hana kitu mfukoni, na mikono inanuka sabuni. Atarudi vipi? Filamu nzima ni hiyo: mtu na simu. Wachimbaji wangu wanasema hakuna kinachotokea humo. Nendeni basi mkaulize nyumba za Likasi kama hapo hakuna kinachotokea! Hapa kila nyumba ina mtu aliyekwenda kusini kutafuta kazi.

Yetu ilikuwa na kaka yangu. Alioa, akajenga chumba uani kwetu, akachimba Kakanda kwa muda, haikumlipa, akasema anavuka mpaka. Mwanzoni alipiga simu. Baadaye simu zikapungua, baadaye namba ikafa. Mmoja alituletea habari kwamba shimo liliporomoka huko alikokuwa. Mwingine akasema hapana, alimwona akiuza viatu kwenye stendi ya mabasi, na kwamba alimwita naye akageuza uso. Mama yetu alikufa akisubiri. Mke wa kaka, wifi yangu, akabaki nasi. Hawakuwa wamepata mtoto. Yeye ndiye aliyemfunga mama sanda, yeye ndiye aliyempikia baba bukari, ule ugali wetu, miaka yote hiyo, na mimi nampenda kuliko ndugu wengi wa damu.

Mwaka huu mwanaume mmoja wa Kakontwe, mjane, mtu wa machimbo ya chokaa, mtulivu, alianza kumsindikiza wifi kutoka kanisani. Watu wakaona. Wifi hakutaka mambo ya kujificha. Alikwenda akapiga magoti mbele ya baba, akasema, "Papa, miaka inanipita. Kuko muntu ananitaka. Minye sitoki mu hii nyumba kama mwizi. Munitoshe benyewe."

Alitaka sisi wenyewe tumtoe, na baba akasema amesikia.

Wakaitwa baba wadogo, ndugu zake wawili. Wakakaa, wakanywa munkoyo, wakatoa sheria kama walivyoipokea: mke wa mtu hatolewi bila kilio. Mume akifa, watu wanalia, wanazika, mwanamke anaoshwa, anapakwa unga mweupe, anakwenda zake kwa amani. Bila kilio yeye ni wetu, na atakayemchukua ni mwizi. Na kama hakuna maiti? Basi watu huzika nguo. Wakapanga Jumapili. Nguo za kaka zifungwe kwenye shuka, moto uwashwe uani, watu waitwe. Kitu kimoja tu kilibaki. Kwetu moto wa kilio hauwashwi mpaka mkubwa wa nyumba atamke kwa mdomo wake kwamba fulani amekufa. Neno hilo lilikuwa la baba, na baba akasema atalitoa.

"Hata minye nimechoka kungoja," akaniambia nilipoanza kupiga kelele.

Nilikasirika vibaya sana. Nilikasirika kwa ajili ya kaka, kwa sababu namjua baba yangu: akishaamua nani amekufa, imekwisha. Halafu nikikasirika hivyo namwona wifi anafua nguo zile zile za kaka, anazianika, anazipiga pasi ili zizikwe zikiwa safi, na nikaikasirikia hasira yangu mwenyewe. Nikisema hapana, ninamfungia wifi uani mpaka azeeke. Nikisema ndiyo, ninamfukia kaka yangu. Hakuna aliyeniuliza, lakini nilijua kwamba baba hunisikiliza, apende asipende.

Jumamosi umeme ulirudi mchana. Nikafunga kibanda, nikabeba kompyuta kichwani kama beseni la nyanya, nikaiweka mezani mbele ya baba. Macho yake siku hizi yameingia ukungu. Anaona mwanga na vivuli tu.

"Baba, leo minye njo mudomo, nitakusemea filme," nikamwambia.

"Filme gani?"

"Kule Juu ya pili."

Alisimama papo hapo, akitafuta fimbo yake. "Ile ya mapasa? Mutoto huyu! Unataka kunichekelea mu uzee wangu?"

"Ikala, baba. Weye ulitusemea miaka na miaka, sisi tukasikiliza. Leo usikilize weye."

Akakaa, kwa kununa. Nikaanza. Sikuongeza kitu, naapa. Nilimwambia jiko, nilimwambia moshi, nilimwambia ndevu na sahani. Alikuwa akitikisa kichwa na kufyonya. Tukafika pale bandarini.

"Sasa anafanya nini?" akauliza.

"Anashika simu."

"Anasema nini?"

"Hasemi kintu, baba. Anairudisha."

Ikapita kidogo. "Na sasa?"

"Anaishika tena."

"Anasema nini?"

"Hasemi."

"Mais aseme!" Baba akapiga meza mpaka kompyuta ikaruka. "Aseme! Bantu bake banangoja!"

"Zamani ungemutilia maneno," nikamwambia. "Umutilie basi. Weye njo mudomo. Aseme nini?"

Baba alifungua mdomo. Nilidhani hatapata kitu, kama siku ile ya pipa. Alikuwa amegeuzia uso kwenye ule mwanga wa kioo. "Iko na haya," akasema taratibu. "Anaona haya kurudia mikono mitupu. Anaogopa baba yake." Kisha akasema, "Mutoto aliniambia. Ku njia, tukitoka sinema, aliniambia. Eti mulango haukufungwa kabisa. Minye nikamujibu namna gani?"

Nilikumbuka alivyomjibu, kwamba mfu harudi. Alilia, mimi pia nikalia, na filamu ikaendelea yenyewe bila mdomo.

Tulipoinua vichwa, wifi alikuwa amesimama mlangoni na lile shuka mikononi. Alikuwa amesikia. Uso wake ulikuwa mgumu kama sijawahi kuuona.

"Donc hamutasema tena lile neno," akamwambia baba. "Yeye iko muzima, na minye nikufe hapa."

Alikuwa na haki, wala sikumbishia. Nilimvuta mkono, nikamkalisha kwenye kiti changu. "Bado kuko ya tatu," nikasema. "Ulisha kuiona?"

"Ile ya malaya?"

Ndivyo wanavyoiita hapa. Nikaiweka. Sehemu ya tatu inamfuata mke wa Fundi, ambaye ya kwanza haikumwonyesha hata mara moja. Anaishi kwenye mji ule wa nyimbo, ambako kila mtu akimwona anainamisha kichwa, mjane wa shujaa, na hakuna anayemruhusu hata kucheka. Kuna fundi wa maji anayempenda. Wazee wa mji wanamwita, wanamwuliza, je, umekubali kwamba mumeo amekufa? Tukikuandikia kwamba amekufa, uolewe. Na yeye anajibu: sijui kama yuko hai, najua mimi niko hai. Kisha anaolewa, na filamu haimwadhibu. Hapigwi na radi, hapati ugonjwa. Anapanda maharagwe yake na mume wake mpya, basi. Kwa jambo hilo tu watu wa Kikula walitoka wakitema mate.

Niliwatafsiria baba na wifi neno kwa neno. Lile jibu wifi aliniambia nilirudie. Nikalirudia.

Akaweka shuka magotini, akaanza kuvuta nyuzi zake. "Papa," akasema, "minye sitaki akufe. Siku hata moja sikusema akufe. Ninataka kuenda tu."

Baba aliomba maji ya kuoga, akaenda kulala mapema, na mimi nikalala nimebana meno, maana sikujua nimejenga au nimebomoa.

Jumapili baada ya misa baba wadogo wakafika na jamaa wengine. Kuni zilikuwa zimepangwa uani. Nguo za kaka zilikuwa ndani ya shuka, zimefungwa mafundo manne, juu ya mkeka. Yule mwanaume wa Kakontwe hakuja, kama ilivyo adabu. Wifi aliketi chini, kichwa wazi, tayari kuwa mjane. Wamama walikuwa wameshafungua kanga za kiunoni na kuzifunga upya, kama mtu anavyojiandaa kulia. Baba akatoka chumbani amevaa koti. Lile koti! Limemwacha mabegani, limetoboka kiwiko, lakini nililitambua.

Baba mdogo wa kwanza akashika kibiriti. "Kaka," akasema, "utupe neno."

Baba akainua fimbo yake kama kile kijiti cha sinema. Watu wazima wawili watatu waliokaa zamani kwenye mabenchi ya sinema wakainuka nusu, bila kujijua, kana kwamba wanasikia "Musimame" kabla haijasemwa.

"Mukae," baba akasema. "Bengi benu munajua, minye niliua muntu mumoja mu hii mugini, na alikuwa muzima. Mulinichekelea. Mulikuwa na haki. Siwezi kuua wa pili, na huyu wa pili nimemuzaa."

Mzozo ukaanza. Baba mdogo wa pili akauliza kwa sauti, basi mwanamke je? Mtamfunga kamba? Baba akatikisa fimbo mpaka wakanyamaza. Akamwita wifi. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kopo la poda ya watoto, ile tunayowamwagia vijana vichwani wakishinda mtihani wa Serikali, ile ya shangwe na mbio za barabarani. Akapapasa mpaka akapata kichwa cha wifi. Kwa kuwa haoni, akammwagia puani, masikioni, shingoni, akamaliza kopo lote. Wifi akapiga chafya. Mtu mmoja akacheka, halafu akaziba mdomo.

"Umefaulu, mama," baba akamwambia. "Ulimuosha muke wangu, ulinilisha. Uende. Ukiulizwa nani amekufa, useme hakuna mufu. Baba yako amekutosha muzima, na bwana yako iko kule iko."

Wifi alimshika miguu, akalia kwa sauti, na wale wamama waliokwisha kujifunga viuno hawakujua wafanye nini, mpaka mmoja akapiga kigelegele na wengine wakamfuata. Baba mdogo wa kwanza alibaki amesimama na kibiriti chake. Si mtu mbaya. Alimsogelea baba, akasema kwa upole, lakini sote tulisikia:

"Kaka, na kama ule mutoto anakuya siku moja? Anakuta muke wake iko kwa mungine? Atakasirika."

"Atakasirika sana," baba akasema.

"Basi?"

"Basi akuye akasirike." Sauti ilimkatika hapo, ile sauti iliyosimamisha chumba kizima, ikawa ya mzee tu anayelia mbele ya watu. "Hata leo. Akuye anitukane, akuye anipige ngumi kama anapenda. Akuye tu."

Nikapiga magoti kwenye mkeka, nikafungua yale mafundo manne, nikazitoa nguo za kaka yangu moja moja. Zilikuwa bado zinanuka sabuni ya wifi. Nikazianika kwenye kamba, upande wa barabara.